Kuvusha gari yako ya porini kutoka Unguja na Pemba kwenda ng'ambo: karatasi, meli na njia (uzi mrefu)

Mpemba wa Konde (mwenye uzi)

Assalamu alaykum wanajamvi.

Kila msimu suala hili hurudi. Mtu ana Land Cruiser au Defender yake, ameihangaikia mpaka imekaa sawa, sasa anataka kutoka nayo nje ya nchi: Namibia, Oman, au mbali zaidi. Wachangiaji humjibu habari za tairi, springi na winchi. Wallahi gari nyingi za visiwani kwetu zinafika huko bila shida. Kinachozirudisha njiani ni karatasi. Mie nimetoka na gari yangu Pemba mpaka jangwa la Namib na nikarudi nayo, na nataka niyaandike haya kwa urefu kwa sababu mtu wa bara akieleza safari kama hii huanzia mpakani. Sie tunaanzia baharini.

Basi tuanze huko. Boti za mwendo kasi hazichukui magari. Unahitaji meli yenye mlango wa kuingizia gari, mfano Azam Sealink, utoke Mkoani kwetu Pemba uje Malindi ya Unguja kisha Dar. Panga siku za akiba kabla ya tarehe yoyote uliyojiwekea bara, maana kusi likichafuka, ratiba ya meli nayo huchafuka. Ukishaegesha ndani ya meli, tia gia, vuta hendibreki, kisha simama uhakikishe mwenyewe kuwa wamekutilia kabari kwenye magurudumu. Ukishuka Dar, tafuta pa kuoshea gari chini kabla hujafanya lolote. Maji ya chumvi yakikaukia kwenye mabomba ya breki, utayajua porini.

Pili, namba yako ya Z. Gari ya Zanzibar ikishuka bara, forodha wanaihesabu kuwa imeingia kwa muda. Unapewa kibali chenye tarehe ya mwisho, na ukiipitisha tarehe hiyo unafunguliwa hesabu ya tofauti ya kodi. Watu wengi huchukua kibali cha kumfikisha Tunduma tu, wakasahau kwamba wakati wa kurudi watapita bara tena. Mwambie ofisa safari yako nzima tangu mwanzo: naingia Dar, natokea Tunduma, narudi kwa mpaka ule ule, napanda meli. Akuandikie kwa mujibu huo.

Tatu, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, ni kadi ya gari. Visiwani kwetu gari ni ya ukoo. Kadi ina jina la baba, au la ami aliyeko Dubai, au la mtu aliyekuuzia miaka iliyopita na hamjapata wasaa wa kubadilisha. Hapa nyumbani hakuna anayekuuliza. Mpakani kitu cha kwanza ofisa anachofanya ni kuweka kadi na pasipoti pamoja na kuangalia majina. Yakitofautiana, unatakiwa uwe na idhini ya maandishi ya mwenye gari, iliyothibitishwa na wakili, iliyotaja namba ya gari, namba ya chesisi, jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, nchi unazokwenda na muda wa safari. Barua iliyoandikwa "namruhusu mwanangu atumie gari yangu" haina nguvu yoyote pale. Bora zaidi, badilisha kadi iwe yako kabisa kabla ya kuanza safari.

Nne, bima. Kata COMESA, ile kadi ya njano. Tanzania si mwanachama wa COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, lakini tumo ndani ya mpango wa kadi hiyo, kwa hiyo inakubalika Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi, Zambia, Zimbabwe na kwengineko. Jueni mambo mawili. Inalipa madhara ya mtu wa tatu, haikutengenezei gari yako ikipinduka. Na haifiki Msumbiji, Botswana, Namibia wala Afrika Kusini. Botswana utalipia bima yao pale pale mpakani pamoja na kibali cha barabara. Namibia fidia ya ajali hutokana na tozo iliyomo ndani ya bei ya mafuta, ila mpakani utalipia ushuru wa gari la kigeni, na stakabadhi yake usiitupe mpaka utoke nchini.

Sasa njia. Ushauri wangu kwa Mzanzibari anayetaka kutoka na gari yake kwa mara ya kwanza: nenda kusini kwanza, Oman iache kwa baadaye. Zambia, Botswana na Namibia Mtanzania haombi viza. Wote wanaendesha kushoto kama sisi. Gari inakwenda kwa magurudumu yake kutoka Dar mpaka ukingo wa bahari ya Atlantiki, hulipi kontena. Na likikukwama jambo unaweza kugeuza ukarudi.

Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Barabara inakatisha katikati ya hifadhi ya Mikumi, humo mwendo ni 50 na ukimgonga mnyama unalipa faini. Tunduma na Nakonde sasa ni kituo cha pamoja, unamaliza mambo ya nchi mbili sehemu moja, lakini foleni ya malori inatisha. Gari ndogo zina njia yake, ulizia, usijipange nyuma ya malori. Zambia wanataka vibandiko vya kung'aa, vyeupe mbele na vyekundu nyuma, na pembetatu mbili. Vitafute Dar. Polisi wa njiani wanaviangalia kweli.

Baada ya Lusaka unashuka Livingstone, halafu Kazungula. Zamani pale palikuwa na pantoni na magari yakilala foleni. Daraja limefunguliwa Mei 2021, lina urefu wa mita 923, nalo limepinda, halikunyooka, kwa sababu limejengwa likwepe ardhi ya Zimbabwe. Simameni mlitazame. Ukivuka tu uko Botswana, na mchanga unaanza.

Kwa leo naishia hapa, ulizeni.

Fundi wa Darajani

Mwenye uzi Mola akulipe. Niongeze kwenye suala la chesisi, maana hilo ndilo linalonijia gereji kila mara.

Land Cruiser za 70, yaani 76, 78 na 79, namba ya chesisi imepigwa kwenye chuma cha fremu upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Hapo ndipo matope na maji ya chumvi yanaporuka. Gari iliyokaa Nungwi au Makunduchi miaka mingi, ile namba inaliwa na kutu mpaka unaona alama tu. Ofisa wa forodha akipiga tochi akakosa kusoma tarakimu mbili, gari yako kwake haina jina. Chukua brashi ya waya, ya mkono, usitumie grainda kabisa kwa sababu ukikwangua sana itaonekana umeichezea. Safisha polepole, pitisha chaki nyeupe juu yake, tarakimu zitatokea. Piga picha, kisha pakaa grisi. Grisi ibaki pale hadi siku ya safari.

La pili ni injini. Gari nyingi hapa zimebadilishwa injini. Unakuta kadi inasema injini ya petroli, ndani imo 1HZ ya dizeli. Nenda ukaandikishe mabadiliko kabla ya safari. Kwa safari yenyewe 1HZ naipenda: silinda sita, lita 4.2, haina taabo, na mafuta machafu inayavumilia kuliko hizi injini mpya za komonreli ambazo nozeli zake zinakufa kwa dizeli yenye maji. Mwenye gari mpya abebe filta za dizeli za kutosha na awe anamwaga maji kwenye kichujio kila asubuhi.

Bint Mkoani

Kaka, ahsante kwa uzi. Mimi na mume wangu tunataka kwenda na watoto wetu wawili, skuli zikifungwa. Naomba kujua vyeti vya watoto, chakula, na hesabu ya mafuta. Watu wananiambia jangwani ni joto kali, kweli watoto watastahamili?

Mpemba wa Konde

Dada yangu, karibu sana.

Watoto: kila mmoja pasipoti yake, na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Botswana na Namibia wanakitaka, hata mkiwa nyote wawili garini. Akisafiri mzazi mmoja, yule aliyebaki aandike idhini yenye muhuri wa wakili. Hakikisha jina la baba limeandikwa sawasawa kwenye cheti na kwenye pasipoti. Pale ndipo Abdalla na Abdallah huwa watu wawili.

Joto lisikutie hofu. Juni na Julai jangwani usiku ni baridi ambayo mtoto wa Pemba hajawahi kuiona, maji ya kwenye chupa yanaweza kuganda. Mchana kutamu. Bebeni mablanketi mazito, soksi, na kofia za sufu. Tukilala kwenye hema la juu ya gari upepo ulikuwa unapita chini ya godoro, kwa hiyo tandika mkeka au blanketi chini kwanza kabla hujajifunika juu.

Chakula: mchele, unga, dagaa, tui la unga na viungo vyako, vyote kutoka nyumbani au Dar. Nyama mbichi usijaze kwenye friji. Botswana na Namibia wana uzio wa kuzuia maradhi ya mifugo, na kwenye vituo vyake nyama mbichi na maziwa hunyang'anywa, hasa ukitoka upande wa kaskazini kwenda kusini. Wakati mwengine wanakutaka mshuke, mkanyage dawa kwa viatu, na gari nayo ipite juu ya dawa. Nyama ya halali inapatikana Lusaka na Livingstone, nunueni ya kula kabla ya uzio. Baada ya hapo samaki na mayai.

Mafuta: Land Cruiser ya 1HZ yenye mzigo wa familia piga lita 14 kwa kilomita 100. Kwenda na kurudi, pamoja na kuzunguka hifadhi ya Etosha na pwani ya Namibia, ni kiasi cha kilomita 9,000. Hizo ni kama lita 1,260. Zidisha kwa bei ya siku hiyo, halafu ongeza kidogo kwa ajili ya mchanga, kwa sababu mchangani gari inakunywa.

Na mchanga wenyewe: punguza upepo. Tairi iliyoingia na PSI 35 ishushe mpaka 18, na ukiona bado inachimba shuka hadi 16. Weka fowili, gari ivute kwa magurudumu yote manne, kabla ya kuingia, usingoje ukwame. Ukishatoka kwenye mchanga jaza tena kabla ya kwenda mbio, tairi laini ikikimbizwa kwenye changarawe inapasuka ubavuni. Kompresa nzuri ina faida kuliko winchi, maana jangwani hakuna mti wa kufungia winchi.

Wa Ruwi, Maskati

Salamu kutoka Maskati. Nimesoma na nimefurahi, lakini mwenye uzi naona Oman umeipita upesi mno! Wengine tumekuja huku na gari zetu, niruhusu niseme machache.

Kwanza msimu. Zama za majahazi, kaskazi ndiyo iliyoleta watu kutoka Arabuni na kusi ndiyo iliyowarejesha. Mwenye gari anafuata kinyume: kusi likivuma kwenu ndio kiangazi cha Zambia na Namibia, nenda kusini. Kaskazi ikianza, Novemba hadi Machi, ndio wakati wa Oman. Juni mpaka Agosti milima ya ndani na mchanga wa Sharqiya ni moto mtupu, isipokuwa Salalah ambako wakati huo ndio kharif, milima inakuwa kijani, ukungu na manyunyu, na watu wa Ghuba nzima wanahamia huko.

Pili, upande wa kuendesha. Huku ni kulia, gari yenu ina usukani kulia. Kwa mgeni wa muda inawezekana, nimeendesha. Lakini kupita lori kwenye barabara ya njia mbili huoni kitu mpaka umeshatokeza gari nusu. Abiria wa kushoto ndiye macho yako. Mchague mtu makini na mkubaliane maneno: "bado" na "pita", basi, asiongeze jengine. Taa zenu za mbele zinapiga kushoto, huku zinamchoma macho anayekuja. Zirekebishwe au zibandikwe sehemu. Na mtu asije na ndoto ya kuiacha gari huku akaiandikisha. Usukani wa kulia hauandikishwi nchi za Ghuba. Imeingia kwa muda, itatoka.

Tatu, milima. Jebel Akhdar pana kizuizi cha polisi Birkat al Mawz, bila ya fowili hupandi. Kushuka tumia gia ndogo, usikanyage breki njia nzima. Na mabonde, tunayaita wadi, ni mazuri sana, lakini mvua ikinyesha mlimani maji yanakukuta chini huku juu yako jua linawaka. Kuingiza gari kwenye wadi inayotiririka ni kosa la sheria, na polisi hawana mchezo nalo, kwa sababu kila mwaka watu wanachukuliwa na maji. Rub' al Khali, lile jangwa kubwa la mchanga, usiende na gari moja hata uwe bingwa namna gani. Gari mbili ndio mwanzo wa mazungumzo.

Na kuna jambo moja litakalowafurahisha. Mkikwama kijijini mkawa mnasemezana Kiswahili, mzee anaweza kutokea nyuma yenu akakuambieni "karibuni, nyie watu wa wapi?" Kiswahili kimejaa huku.

Kijana wa Fuoni

Mimi naona mnajitesa. Gari ya kukodi Maskati ipo, ukishuka ndege unaichukua. Kwa nini mtu apakie gari kwenye kontena, alipe bandari mbili, angoje meli, halafu akatembee wiki mbili?

Mpemba wa Konde

Kijana wa Fuoni, kwa wiki mbili uko sahihi na sikupingi hata kidogo. Kodi gari huko huko. Hesabu ya meli haisemi uongo: gharama za bandari hazitazami utakaa siku ngapi, ni zile zile ukikaa wiki au ukikaa msimu. Ndiyo maana nikasema Oman iwe baadaye. Mtu apeleke gari yake kama ana msimu mzima, au kama anataka kuendelea mbele, Emirates na kwengineko. Ila soma vizuri mkataba wa kukodi. Mingi inakataza kuingia wadi na mchangani, hata kama gari ni fowili. Ukizama, bima inakukana. Safari ya porini ambayo mkataba wake unakukataza pori, umekodi nini?

Kwa anayetaka kupakia, kuna namna mbili. Ya kwanza ni meli ya magari, gari inaendeshwa ndani na kutolewa kwa kuendeshwa. Ni rahisi kidogo, lakini funguo unaziacha kwa watu, na ndani ya gari hairuhusiwi kuwa na vitu vyako. Vitu vilivyo wazi huondoka. Ya pili ni kontena, na mie kwa gari ya porini yenye vyombo ndani nachagua hiyo, kwa sababu lakiri inafungwa mbele yako.

Kontena ya futi 20 ndani ina urefu wa kiasi cha mita 5.9, na mlango wake una upana wa mita 2.34 na kimo cha mita 2.28. Land Cruiser ya 78 ina urefu wa mita 5.2 hivi, inaingia. Kinachogoma ni kimo: hema la juu na keria vishushwe, viwekwe ndani. Ukiona bado inagusa, toa upepo tairi, unapata sentimita kadhaa. Pima kwa futi kamba mwenyewe, siku mbili kabla, gari ikiwa na mzigo na bila mzigo.

Siku ya kupakia uwepo. Mafuta yasizidi robo tangi. Mtungi wa gesi utoke, hautakiwi kabisa. Betri ifunguliwe waya. Gari ifungwe kwenye ekseli au kwenye magurudumu kwa mikanda ya pande nne, na kabari za mbao zipigiliwe sakafuni mbele na nyuma ya kila tairi. Mkanda uliofungwa juu ya fremu unalegea springi zikibonyea, na bahari itabonyeza springi zako usiku kucha. Piga picha kila hatua, picha ya mwisho iwe ya lakiri na namba yake.

Halafu bima ya baharini. Watu wanaikwepa wakisema meli hazizami siku hizi. Kuna kitu kinaitwa hasara ya pamoja: meli ikipata msukosuko na mwenye meli akaingia gharama kuiokoa, wenye mizigo wote wanagawana gharama hiyo, hata yule ambaye mzigo wake haukuguswa. Ile Ever Given iliyoziba mfereji wa Suez Machi 2021, mwenye meli alitangaza jambo hilo hilo, na mizigo ikakaa ikingoja dhamana. Mwenye bima, kampuni yake inamtolea dhamana. Asiye na bima anatoa mfukoni ndipo aione gari yake.

Na karneti, inayojulikana kwa herufi CPD. Ni kitabu cha forodha kinachosema: gari hii imeingia kwa muda, ikibaki nchini, chama kilichotoa kitabu kitalipa ushuru. Hutolewa na vyama vya wenye magari, kwa mfano AA ya Kenya, na chama kinataka dhamana kwako, kulingana na thamani ya gari na nchi unazokwenda. Misri ndiyo inayojulikana kwa kupandisha dhamana juu. Emirates ni miongoni mwa wanaoitaka. Kinadumu mwaka mmoja. Kila ukurasa una vipande vitatu: kimoja wanachana unapoingia, kimoja unapotoka, cha tatu kinabaki kitabuni na mihuri yote miwili. Usiondoke dirishani kabla ya kutazama muhuri wa kutoka kwa macho yako. Ukurasa wenye muhuri wa kuingia bila wa kutoka, kwa makaratasi, gari yako bado iko nchi ile, na dhamana yako haitoki.

Na anayeota Australia aoshe gari mpaka ndani ya fremu. Wale udongo na mbegu hawaziachii. Wekundu wa udongo wetu wa Pemba ukiwakuta umejificha juu ya tangi, gari haitoki bandarini mpaka ioshwe upya kwa pesa yako.

Mzee wa Malindi

Nathibitisha habari ya makaratasi. Jamaa yangu alipeleka gari kwa kontena. Wakala wake, ambaye hana haja ya kutajwa, aliandika hati ya shehena akageuza tarakimu ya mwisho ya chesisi, 3 ikawa 8. Gari ilifika salama, haina mkwaruzo, na ikakaa bandarini ikihesabiwa siku za hifadhi mpaka hati mpya ikatolewa na mwenye meli. Pesa ya hifadhi ilizidi nauli ya meli. Nawausia: wakala akikuletea rasimu ya hati, chukua kadi ya gari, keti chini, msomeane kwa sauti, mmoja anasoma herufi moja moja na mwengine anaangalia. Chukua nusu saa. Rasimu inabadilika bure. Hati iliyokwisha kupigwa muhuri inabadilika kwa pesa.

Fundi wa Darajani

Mzee umesema. Na wenye kwenda kusini, spea msijaze gari zima. Beringi za magurudumu ya mbele pamoja na sili zake, fenibelti, hozi za rejeta, filta, joint za propela. Vyengine vya Land Cruiser vinapatikana Lusaka na Windhoek. Uzito ndio unaovunja springi, na uzito wa juu ya keria ndio unaopindua. Madumu ya maji na mafuta yakae chini, katikati ya ekseli mbili.

Bint Mkoani

Nimepiga simu leo kwa mwenye jina kwenye kadi yetu, ni shemeji. Tunabadilisha kabisa. Swali langu la mwisho: tukirudi, hatutadaiwa ushuru kama tunaingiza gari mpya?

Mpemba wa Konde

Swali zuri, na wengi hawalifikirii mpaka wako Tunduma wanarudi.

Gari inayotoka Tanzania lazima itoke kwa maandishi. Siku ya kutoka, kabla hujakwenda dirisha la Zambia, hakikisha forodha ya upande wetu wameandika kuwa gari hii, chesisi hii, injini hii, imetoka kwa muda na itarudi. Omba nakala yenye muhuri, usiridhike na kuambiwa imo kwenye kompyuta. Ukirudi unaionesha, wanaifunga. Orodhesha na vitu vya thamani vilivyomo: friji, kompresa, hema, winchi, kila kimoja na namba yake, wagonge muhuri kwenye orodha. Friji mpya bila karatasi inaonekana imenunuliwa Afrika Kusini.

Dar kabla ya kupanda meli unafunga kile kibali cha bara ulichopewa mwanzo. Meli ikitia nanga Mkoani wanaweza kukuuliza tena, kwa hiyo bahasha ya karatasi usiiweke kwenye mizigo ya nyuma, kaa nayo mkononi. Mie naweka nakala tatu: moja garini, moja kwenye begi la mke wangu, moja imepigwa picha kwenye simu na kutumwa kwa mtu aliyebaki nyumbani.

Mtakapoipata kadi mpya, niwekee hapa namba ya aina ya gari yenu tu, bila chesisi, nikuandikie orodha ya beringi na filta zake. Na mwenye nia ya kutoka kusi lijalo aseme humu. Tukiwa gari mbili au tatu, Botswana tutapita njia za mchanga za ndani, na Namibia tutaijaribu ile Van Zyl's Pass, njia ngumu ya mlimani, ambayo huendewa upande mmoja tu, kutoka mashariki kwenda magharibi. Kwa gari moja sipiti pale.